Chumvi Mara ya Pili

Msamala, Dedza, Malawi
18 Januari

Mjomba Silivesta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Njombe ukiwa mzima, na kifua kimetulia katika baridi hiyo. Sisi hatujambo. Mvua zilichelewa mpaka tukakata tamaa, lakini zimekuja, mahindi yamefika magotini, na viazi vya bondeni tumeanza kuchimba. Mjukuu wangu ameota meno. Kaburi la mama nililipalilia kabla ya Krismasi.

Habari kubwa ni ya mdogo wangu Tadeyo. Labda hata redio za huko zimesema. Yule mzee Daktari Mtendeka, aliyekihama chama chake na kutangaza kwamba atagombea urais peke yake bila chama chochote, amemchagua Tadeyo kuwa mgombea mwenza. Tadeyo wetu, Mjomba! Bwana shamba, mtu wa kupima matuta kwa kamba na vijiti. Wanasema Daktari alitaka mtu asiye na harufu ya chama. Basi kampata. Hana harufu hata kidogo, maana hakuna anayemjua.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mama mmoja akauliza, "Jamani, huyu Tadeyo ni nani?"

"Nasikia ni fundi redio."

"Fundi redio gani anakuwa makamu wa rais?"

"Basi mtaje wewe unayemjua."

"Na yule mzee mwenyewe anakohoa kuliko anavyohutubia. Akianguka kesho, nchi tunamwachia fundi redio!"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Sikusema kwamba ni ndugu yangu.

Jumamosi watu wa kampeni walimpeleka Kalonjere, kijiji cha mkewe Enelesi, anakoishi. Ungo, ambao ndio alama yao, umechorwa kwenye kila fulana. Mpiga debe kutoka mjini akashika kipaza sauti akapaza, "Mpokeeni mwana wa kijiji hiki!" Mjomba! Mkwe, aliyekuja pale na jembe na mkeka wake kuoa, anaitwa mwana wa kijiji mbele ya wajomba wa mkewe! Kisha sauti ikatoka nyuma: "Huyo ni beberu wa kuazima! Tangu lini beberu wa kuazima akawa mwenye zizi?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Robeni, mjomba wa Enelesi, hakucheka. Alikunja kiti chake akaondoka.

Tadeyo anakusalimu. Ameniletea gunia la mahindi ya mwaka jana. Nimeliweka pembeni.

Mpwa wako,
Felesita


Njombe
9 Februari

Mwanangu Felesita,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana. Kifua hakijambo, ila asubuhi ukungu hunigongea mlango kabla ya muuza maziwa. Tangu nistaafu kwenye kiwanda cha uchapaji nasoma kwa kujifurahisha tu, na nimegundua kwamba bado nashika kalamu nyekundu bila kukusudia. Mpe mjukuu busu kwa kila jino.

Tadeyo namfahamu kwa picha moja tu, ile uliyonitumia alipomaliza darasa la nane, ambamo amegeuza uso na kinachoonekana vizuri ni sikio. Niliondoka mama yenu akiwa bado hajamzaa yeyote kati yenu. Nimeitazama tena jana usiku nikijaribu kuliona katika sikio hilo jambo ambalo Daktari ameliona.

Yule mpiga debe ni mtu wa kule ambako mwanamume huishi kwao na mke ndiye anayehamia. Hakujua alichosema. Kwetu mwanamume hana kijiji pale anapolala. Kijiji chake ni cha mama yake, na kwa wakwe ni mgeni hata akizeekea hapo. Kumwita mwana wa Kalonjere ni kumwambia Robeni kwamba mkwe amekuja kumnyang'anya ardhi na dada zake. Kosa la namna hiyo halifutwi kwa hotuba. Aende nkhoswe wake, msemaji wake katika mambo ya ndoa, akiwa na kuku, akae na Robeni, aseme: mtoto wetu hakumtuma yule mtu aseme vile.

Najua utakachosema. Nkhoswe wake ni mimi. Siku ya harusi kuku wetu alishikwa na jirani kwa niaba yangu, na jirani huyo naye amekwisha kufa. Mtafute mzee mwingine wa ukoo.

Jambo moja. Umeniandikia waliyosema kwenye mashine na waliyosema Kalonjere. Hapo Msamala, nyumbani kwetu, wanasema nini? Hukuandika.

Mjomba wako,
Silivesta


Msamala
3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na ukungu. Huku mahindi yamebeba. Tumemzika mzee Bauleni wa kule mtoni, na msiba wake ulijaa watu.

Umeuliza Msamala wanasema nini. Nilitaka nisikuandikie.

Pale msibani nilikaa kumenya viazi na wanawake wenzangu. Nilipotua kisu kidogo nikaona nimebaki peke yangu kwenye mkeka. Malitina akaja. Unamkumbuka mama yake, yule aliyekuwa akiuza chungu. Tumesoma naye katekisimu pamoja. Akanivuta kando.

"Dada, nakuuliza kwa upendo. Mama yenu yuko wapi?"

"Malitina, si ulimzika pamoja nami?"

"Na ndugu zenu? Bonifasi?"

"Gari lilipinduka."

"Odiliya?"

"Aliumwa. Unajua alivyoumwa."

"Na mjomba wenu?"

"Yuko Tanzania."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana."

"Nani amemwona?"

Mjomba, nilitafuta jina la mtu aliye hai aliyekuona tangu uondoke, sikulipata.

"Basi jumlisha mwenyewe," akasema. "Mtu asiyejulikana na yeyote halali bwana shamba akaamka makamu wa rais. Kawatoa kafara ndugu zake mmoja mmoja, akaanza na mjomba. Aliyebaki ni wewe. Kwake usile."

Nikamwambia unaniandikia barua. Akasema, "Barua hata mimi naweza kuandika."

Hivyo ndivyo wanavyosema. Kwanza walicheka kwa kuwa hawamjui, sasa hawacheki tena. Ghala la mahindi la Enelesi limechomwa. Mawe yanarushwa kwenye bati lao na vijana wa chama alichokihama Daktari wanapita wakiimba. Bwana Robeni hasemi kwamba anaamini. Anasema hawezi kuuchomesha ukoo mzima kwa ajili ya mkwe mmoja. Kura zikipita tu, Tadeyo achukue jembe na mkeka wake aondoke, aache mke na watoto. Mzee niliyemtuma na kuku amerudishwa pamoja na kuku wake. Waliuliza, "Wewe ni mjomba wake?"

Wako wachache wanaomtaka. Mama mmoja ambaye Tadeyo alimwonyesha jinsi ya kuzuia maji yasibebe shamba lake aliniambia sokoni, "Mimi ungo nitaupa kura, lakini tafadhali usinisalimie mbele za watu."

Tadeyo amesema usisumbuliwe.

Felesita


Njombe
20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako.

Naambatanisha picha yangu niliyopigwa hapa mjini juma hili. Nimeshika gazeti ili tarehe ionekane. Utaona nimepungua, lakini ni mimi. Mwombe padre asome barua hii baada ya misa: Mimi Silivesta Chidothi, kaka wa marehemu Doroteya, ni mzima, nakula, nalala, sijatolewa na mtu yeyote. Niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe, tena usiku, wakati ule wa watu kukamatwa, ambao wengi wenu mnaukumbuka au wazazi wenu waliwasimulia. Dada yangu aliuawa na kifua kikuu. Bonifasi aliuawa na dereva mlevi. Odiliya aliuawa na ugonjwa uliozimaliza nyumba nyingine nyingi hapo hapo Msamala, na katika nyumba hizo hakuna mtu aliyepata cheo.

Hayo ni ya kanisani. Haya ni yako.

Kazi yangu ilikuwa kusoma walichoandika wengine na kuona kilichokosekana. Katika barua yako umeandika "Malitina amesema," na "Bwana Robeni anasema," na "mama mmoja sokoni." Hujaandika Felesita anasema nini. Vilevile mwezi wa kwanza uliniambia Tadeyo amekuletea gunia la mahindi na kwamba umeliweka pembeni. Hujaniambia kama mmelila.

Sikulaumu. Nauliza tu.

Kuhusu kuja kwangu, nadhani unajua kwamba haiwezekani. Magoti yangu si ya safari, na mpakani siku hizi wanadai karatasi nyingi.

Silivesta


Msamala
6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, dereva wa lori la viazi anaondoka na atakupa mkononi.

Padre amekataa kusoma. Amesema madhabahu si jukwaa la kampeni. Picha niliipeleka sokoni Chitowo, ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akasema, "Hata maiti hupigwa picha, tena hutulia vizuri zaidi." Mwingine akasema si picha ya maiti, ni ya ndondocha, wale ambao huko Tanzania mnawaita misukule. Wanasema Tadeyo alikuua, akakufufua, akakukata ulimi, na usiku unamlimia. Eti ndiyo sababu matuta yake yamenyooka, mkono wa binadamu hauwezi. Mjomba, watu wameanza kuyabomoa. Matuta aliyowapimia kwa miaka yote hiyo wanayapiga majembe, na mvua bado haijaisha. Yule mama wa ungo nimemwona akibomoa ya kwake huku analia.

Jumatano vijana walimshusha Tadeyo kwenye baiskeli, wakaichoma mbele yake. Mmoja akamwambia taratibu kabisa, kama anamwelekeza njia, "Safari ijayo hatutaleta mafuta kwa ajili ya baiskeli." Amerudi nyumbani kwa miguu. Daktari alituma ujumbe kwamba anamwombea. Enelesi amepeleka watoto kwa dada yake.

Nilimfuata Bwana Robeni mwenyewe. Alinipa kiti. Akasema, "Nileteeni mjomba wake, nimshike mkono, nitasimama mlangoni kwa mkwe wangu na panga langu. Lakini simshikii panga mtu asiye na watu." Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Hata akija, utajuaje ni mtu? Ndondocha naye hutembea!" Robeni akasema, "Ndondocha hali chumvi. Hilo kila mtoto analijua."

Sikuombi uje. Nakuandikia tu alivyosema.

Gunia lipo.

Felesita


Njombe
24 Aprili

Mwanangu Felesita,

Nakuja.

Dereva wa viazi anasubiri barua hii, kwa hiyo nitaandika jambo moja ambalo sijawahi kuliandika, kisha nitakupa maelekezo.

Si magoti. Usiku nilioondoka nilipanda basi la kwenda kaskazini. Kabla ya daraja askari walilisimamisha, wakaingia na kurunzi. Mtu niliyekaa naye alikuwa amevaa koti la kahawia kama langu. Walimmulika, wakanimulika, wakamshusha yeye. Basi likaondoka. Mpaka leo sijui kama walimtaka yeye au walinitaka mimi. Utawala ule umekwisha, najua, magazeti yote nimeyasoma. Lakini kila nikifika kituo cha basi miguu inakufa, nami narudi nyumbani na kumwambia muuza maziwa kwamba basi limejaa. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko unavyofikiri. Juma hili pia, mara moja.

Sasa sikiliza. Usije kunipokea kwa siri na usinilaze kwanza ili nipumzike. Nitashuka Chitowo Jumatano ya kwanza ya Mei, siku ya gulio, mchana, watu wakiwa wengi. Mwambie Robeni awepo. Mwambie Tadeyo asiwepo, wasije wakasema ananiongoza kwa dawa. Nipeleke kwenye bati la kukaangia chipsi lililo katikati kabisa ya soko. Wewe usiniagizie kitu wala usinisemee hata neno moja. Nitaagiza mwenyewe, kwa sauti. Kichewa changu kimepauka na wanafunzi wa kwetu wanaosoma huku hunicheka ninapokisema, lakini ulimi ninao.

Nikikosa kushuka siku hiyo, ujue ni mimi nimeshindwa. Usimlaumu dereva.

Silivesta


Msamala
2 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia kwamba ulifika salama na kwamba njiani ulikaa dirishani. Huku tunavuna. Mjukuu amesimama wima, akaanguka, akasimama tena.

Matokeo utakuwa umeyasikia. Daktari ameshindwa vibaya. Kalonjere ungo haukupata kura za kutajwa. Chitowo tu ndiko tulikoshika nafasi ya pili, na mwenye bati la chipsi anajitapa kwamba kura hizo ni zake. Kila mteja anamwambia, "Hapa ndipo alipokaa marehemu!" Viazi vyake vimepanda bei.

Wewe ulikuwa umekaa tu unatazama sahani, hukuona watu kama nilivyowaona mimi. Uliposhuka na lile koti la kahawia, soko lilifungua njia. Wanawake waliwafunika watoto macho. Yule wa chipsi alikataa kupokea noti mkononi mwako, akakuonyesha uiweke mezani. Ukasema, "Mama, chumvi," na lile neno likasikika mpaka kwa wauza nguo. Akaisukuma chupa kwa kijiti cha kugeuzia. Ukaitikisa, ukaitikisa, viazi vikawa vyeupe kama vimenyeshewa mvua ya mawe. Ukatia mdomoni, ukatafuna. Ndipo mtu mmoja akapaza sauti, "Mzee, taratibu! Utakufa kwa presha, halafu tumsingizie tena Tadeyo!" Soko zima likaangua kicheko. Bwana Robeni akaja, akakushika mkono, akakufinya. Akageuka akasema, "Ana joto. Na kucha zake ni chafu kama zangu. Huyu ni mtu."

Tangu siku ile mawe yamekoma. Robeni amepokea kuku. Suala la jembe na mkeka halizungumzwi, ingawa bado anamwita Tadeyo "huyu mkwe" kana kwamba amemnunua jana. Wengine hawajabadilika. Malitina akiniona na mjukuu hupita upande wa pili. Na matuta yaliyobomolewa hayajajengwa upya. Tadeyo anapita mashambani na kamba yake, anasubiri aibu yao iwasukume wamwite wenyewe. Ameniuliza kama kweli sikio lake ni kama lako. Nimemwambia aje kwako akalipime mwenyewe.

Kuna jambo nataka kukuuliza, maana linanisumbua. Watu walikuwa wameshacheka, Robeni ameshakushika mkono, mambo yameshakwisha. Viazi vyako vilikuwa havilishiki kwa chumvi, nilijua, maana nilikuja kuonja vilivyobaki. Hata hivyo ukamwita tena yule mama, ukaomba chumvi mara ya pili, ukaendelea kula huku machozi yanakutoka. Kwa nini?

Mpwa wako,
Felesita


Njombe
21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama na nalala vizuri kuliko nilivyozoea. Mwambie Tadeyo chumba kipo na kamba ya kupimia masikio ipo. Mjukuu aendelee kuanguka, ndiyo kazi yake.

Umeuliza kuhusu chumvi ya pili.

Ya kwanza niliila kwa ajili ya soko. Niliinua macho kidogo, si kweli kwamba nilitazama sahani tu. Nilimwona Robeni akinitazama, nikaona wauza nguo, nikamwona mwanamke amefunika mtoto macho huku yake mwenyewe ameyatoa. Kila mtu pale alikuwa ananitazama isipokuwa wewe. Nilipoanza kula, ulikuwa umekaa kando yangu, umeinamisha kichwa, unaangalia vidole vya miguu yako. Watu wakacheka, wewe hukucheka. Robeni akasema huyu ni mtu, wewe hukuinua uso.

Nikajua kuna mtu mmoja ambaye bado hajaniona nikila. Nikaomba tena, kwa sauti kubwa kidogo, nikangoja mpaka ulipotazama.

Sasa uliona. Tadeyo hajala ndugu yeyote, Felesita. Ni mdogo wako, anapima matuta, basi. Tafadhali lifungue lile gunia kabla dumuzi hawajalimaliza, upike, umwite mle pamoja.

Mjomba wako,
Silivesta